Sekunde Kumi za Bibi Karani

Cheche alikuwa na mikono ya kushika chuma cha moto, si ya kushika kaseti. Niliseme hilo mapema kabisa, maana mikono hiyo ndiyo iliyotaka kuharibu kila kitu.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya cheche zilizokuwa zikiruka karakanani kwake kutwa nzima. Likamkaa hasa, mpaka mama yake mzazi naye akaacha kumwita jina lake. Miaka thelathini na minne, mke, mabinti wawili, na haraka isiyo na dawa. Chai anainywa ikiwa bado inatokota. Geti la wiki moja analimaliza kwa siku tatu, halafu siku ya nne anarudi kurekebisha bawaba. Mtu mwema, hilo sibishi, lakini haraka yake, jamani!

Basi Jumatatu moja mama yake alipewa tarehe. Moyo ulikuwa umemchoka, na Jumatatu iliyofuata angefanyiwa upasuaji. Daktari hakumzungusha. Alimwambia wengi wanatoka salama, ila kwa umri wake na wembamba wake yeye hawezi kuahidi kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kusema ukweli, halafu akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, kisu sikiogopi. Lakini kuna mtu sijamwambia asante, na sitaki kuingia mle ndani kabla sijamwambia."

Cheche alimfahamu mtu huyo tangu utotoni, kwa maana ya kwamba hakumfahamu kabisa. Siku aliyozaliwa yeye, mama yake alitokwa na damu mpaka miguu ikawa ya baridi. Kundi lake la damu lilikuwa adimu, na hospitali nzima ilikutwa na chupa moja tu inayomfaa, iliyotolewa na mtu siku hiyo hiyo. Wakamtundikia. Kulipokucha nesi akamwambia, "Mama, mshukuru Mungu, na umshukuru na aliyetoa damu." Mungu, mama alimshukuru papo hapo. Huyo mwingine hakuna aliyemwambia ni nani. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Cheche, mama alikuwa akikaa mezani na kusema maneno yaleyale: "Na yule mtu, popote alipo leo, awe ameshiba."

Kwa hiyo Cheche akaingia kazini. Hospitalini aliambiwa mafaili ya karatasi ya miaka ile yalioza zamani, paa lilivuja. Alikuwa anageuka kuondoka aliposhikwa bega na mtunza stoo, aliyemnong'oneza kwamba kama kuna mtu duniani mwenye kumbukumbu zile, ni Bibi Karani.

Bibi Karani alikuwa mstaafu wa miaka sitini na kitu, aliyeandika habari za watoa damu kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Futa miguu."

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku limejaa kaseti, zile kaseti za kawaida za redio. Akamweleza. Enzi hizo hospitali ilipewa kompyuta ndogo ya kuchomekwa kwenye televisheni, na ndani yake haikuwa na mahali pa kuhifadhi chochote. Kila alichoandika, mashine ilikigeuza kuwa milio na kukirekodi kwenye kaseti. Hospitali ilipopata mashine mpya, kaseti zikatupwa jalalani, na yeye akazifuata na kikapu.

"Watu walinicheka," alisema. "Wacha wacheke. Mle ndani mna watu."

Akafungua daftari, akapitisha kidole mpaka kwenye tarehe aliyozaliwa Cheche. Siku hiyo alitoa damu mtu mmoja tu. Kaseti ya saba, kihesabu cha utepe kwenye mia mbili na kumi na nne. Akamtolea kaseti, lakini hakuiachia mkononi mwake kwanza.

"Sikiliza vizuri, mjukuu wangu. Jina la mtoa damu si karanga za kugawia wapita njia. Likisomeka, lije kwangu. Nitamtafuta mimi, nimuulize kama anataka kujulikana. Akikataa, mama yako atanisamehe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi."

"Ipeleke kwa Mama Waya, fundi wa vyombo. Usiipitishe kwingine. Na usiisikilize."

Usiisikilize! Umwambie Cheche asisikilize! Alifika nyumbani mchana, mama yake amelala, na pale sebuleni juu ya kabati kuna redio kaseti ya tangu enzi. Mama Waya alikuwa upande wa pili wa mji. Redio ilikuwa hatua mbili. Kichwani mwake Cheche alikwishaamini atasikia sauti ya mwanamke ikisoma majina, moja baada ya jingine, na hilo la kwao likiwemo.

Maandishi ya vitufe yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa. Akasogeza utepe mpaka mia mbili na kumi na nne, akabonyeza. Kidole chake, kipana kama unavyokijua kidole cha fundi chuma, kikashusha vitufe viwili kwa pamoja. Kimya. Akainama, pua karibu iguse redio.

"Mbona kimya hiki?"

Ndipo akaiona taa nyekundu. Alikuwa anarekodi.

Alizima, akaitoa kaseti, akaishika kwa mikono miwili. Sekunde mbili, labda tatu. Lakini zilikuwa sekunde zilezile. Chumbani mama yake akakohoa, akauliza nani yuko sebuleni, naye akajibu kwa sauti ya kujikaza kwamba ni yeye, hakuna kitu. Kuna kitu kikubwa kuliko hicho cha kumficha mama?

Kesho yake, Alhamisi, alipanda ngazi kwenda kwa Mama Waya. Huyu zamani alifundisha hesabu chuo cha ufundi, akachoka na mikutano, akafungua karakana ya kutengeneza vipimo vya maabara. Meza ndefu, taa yenye shingo ya kupindika, makopo ya rangi yaliyooshwa na kujazwa skrubu, kila kopo na saizi yake. Mama Waya alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, na ulimi wake haukuwa na breki.

Cheche alimpa kaseti. La jana hakulisema. Alijiambia pengine kidole hakikufika palepale, pengine Mungu ni mkubwa. Aibu ikikukaba, utasingizia chochote.

Mama Waya aliiweka kwenye mashine yake, akaiunganisha na kompyuta. Chumba kikajaa mchakacho, kama mafuta ya kukaangia, na ndani yake kwa mbali mlio unaopanda na kushuka.

"Unasikia maandishi?"

"Nasikia kelele tu."

"Ndivyo. Utepe huu una umri wako, sumaku yake imefifia. Ukiusoma hivi hivi unapata makosa matupu. Sasa angalia." Akavuta kopo la skrubu. "Mashine ya Bibi ilikuwa na sauti mbili tu, nyembamba na nzito. Nyembamba ni moja, nzito ni sifuri, zikipangwa zinakuwa herufi. Kelele yenyewe haina adabu, inajitawanya kwenye sauti zote, kidogo hapa kidogo pale. Mimi nina hesabu inayochukua vurugu lote hili na kulichambua, kila sauti inaingia kopo lake. Halafu natazama makopo mawili ya Bibi. Kelele iliyoangukia makopo mengine hainihusu."

Akabonyeza kitu. Kwenye kioo mchakacho ukageuka kuwa picha ya kijivu, na katikati ya kijivu kile mistari miwili myeupe, ikipokezana, mmoja ukizimika mwingine unawaka. Pembeni zikaanza kujipanga herufi. Mtoa damu wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Watu walikuwa wanatoka kwenye mchakacho, kila mtu na kundi lake la damu, kazi yake, na namba ya kitanda cha mgonjwa aliyepewa.

Kihesabu kikafika mia mbili na kumi na nne. Na kutoka kwenye spika, wazi kabisa, sauti ya mwanamume mzima ikauliza:

"Mbona kimya hiki?"

Mama Waya alisimamisha mashine. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Cheche juu mpaka chini.

"Sauti hii naijua. Imeniamkia mlangoni si muda mrefu."

Cheche akakaa kwenye kigoda na kulia. Alilia kama mtoto, mabega yakiruka, akasema yote, redio, vitufe, taa nyekundu, mama aliyekuwa akikohoa chumbani. Kwamba miaka thelathini na minne mama amengoja neno moja, na yeye amelifuta kwa kidole.

"Mjinga wewe," alisema Mama Waya. Lakini alisema taratibu, na akamsogezea kitambaa cha kufutia meza, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. "Hebu nyamaza, unanilowanishia vyombo. Ulibonyeza kwa muda gani?"

"Kama sekunde mbili. Tatu."

Mama Waya aliirudia picha, akaisogelea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Baada ya sauti ya Cheche palikuwa na kijivu kitupu, kirefu. Akarudi nyuma kwa mtoa damu aliyetangulia. Pale pia, baada ya maandishi, kijivu kitupu kirefu. Na wa kabla yake vilevile. Akachukua simu.

"Bibi, shikamoo. Niambie, ulipokuwa ukirekodi, mbona unaacha utepe unatembea mtupu baada ya kila mtu? Mashine ilihitaji sekunde mbili tu."

Aliiweka simu kwenye spika ili Cheche naye asikie.

"Ndiyo, mbili za mashine," ilisema sauti ya Bibi Karani. "Mimi nilihesabu kumi. Wenzangu waliniita Bibi Kumi, wakanishtaki kwa mkubwa kwamba namaliza kaseti. Zile nane zilikuwa zangu."

"Zako za nini?"

"Za kumshukuru. Mtu anakuja, anatoa damu yake, anakunywa chai, anaondoka. Anayepewa hamjui. Nani atamshukuru? Basi nilikuwa nikikaa pale, utepe unatembea, namwombea heri. Halafu nazima. Kwani nimeharibu?"

Mama Waya aliitazama tena picha ile kwenye kioo.

"Hujaharibu, Bibi," alisema. "Umeokoa."

Akamgeukia Cheche, macho yanang'aa. Utepe ukikaa umeviringishwa miaka mingi, alimweleza, kila mzunguko unalala juu ya mwenzake, na sumaku ya mmoja inamgusa jirani. Maandishi yanaacha kivuli chake kwenye mzunguko unaofuata, hafifu mno, sikio haliwezi kukipata. Kivuli kikiangukia maandishi mengine, ndiyo basi, kimemezwa. Lakini hapa kilikuwa kimeangukia sekunde za Bibi, ambazo hazikuwa na kitu.

"Wewe umefuta maandishi jana. Kivuli kiko mbele kidogo, na umri wake ni miaka mingi. Hukukigusa."

"Kwa hiyo kinasomeka?"

"Sijui. Weka mikono mfukoni na uiache humo."

Kwanza alijaribia kwa mtoa damu aliyetangulia, ambaye maandishi yake yalikuwa mazima. Akapima kivuli chake kimechelewa kiasi gani na kimefifia kiasi gani, ili ajue anatafuta nini na wapi. Kisha akaanza kuusoma ule ukimya wa mia mbili na kumi na nne. Mara moja, kijivu. Akaurudisha, akausoma tena. Alikuwa anaupitisha, anauchambua kwenye makopo yake, anauweka juu ya ule wa mwanzo. Kelele kila mara inakuja na sura mpya, alisema, kwa hiyo ukizijumlisha zinauana zenyewe. Kivuli kinakuja na sura ileile, kwa hiyo kinakua.

Mpaka jioni walikuwa wamefika mara kumi na tano, na hakuna kitu. Mama Waya akamfukuza, akamwambia arudi kesho. Ijumaa mchana, mara ya thelathini na moja, Cheche aliona kijivu kimepasuka kidogo. Mstari. Ukazimika, ukawaka mwingine juu yake.

"Mama," alinong'ona.

"Nimeona. Mikono!"

Akairudisha mfukoni. Mara ya arobaini herufi zikaanza kujipanga pembeni, na Mama Waya akabandika daftari kwenye kioo, pap!

"Geuka ukutani. Umesahau agizo la Bibi?"

Cheche akageuka. Alisikia kalamu ikiandika, ikisimama, ikiandika tena. Alisikia bahasha ikilambwa na kufungwa. Mama Waya alipomkabidhi, hakusema neno la kejeli hata moja, akambonyeza bega tu. Alipouliza amlipe nini, akaambiwa bawaba ya mlango ule inalia, ataitazama wakati wake.

Na sasa nisikilize. Mtu huyu, ambaye chai haimngoji ipoe, alivuka mji mzima na bahasha ile kifuani, na jina ndani yake, na hakuifungua. Alisema baadaye kwamba hakuna geti lililowahi kumtoa jasho kiasi kile. Bibi Karani aliipokea, akaikagua gundi pande zote, akamtazama, akasema, "Kumbe unaweza."

Jumapili baada ya chakula cha mchana mtoa damu alifika. Bibi Karani alitangulia, na nyuma yake mzee mrefu, kofia mkononi, vidole vyeusi kwa gundi na nta. Fundi viatu wa nyuma ya stesheni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa gauni la kijani ambalo huwa halitoki kabatini ovyo. Maneno alikuwa ameyapanga miaka mingi, Cheche aliyajua kwa kichwa. Mzee alipoketi mbele yake, mama alifungua mdomo, hayakutoka hata moja.

Ikabidi mzee aanze.

"Huyu karani aliponiambia kuna mtu anataka kunishukuru, nilimwambia amekosea mtu. Mimi nilitoa damu mara moja tu maishani, na ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa anajifungua. Walisema damu yangu inamfaa mtu yeyote, nikasema chukueni yote. Nilipotoka kule ndani na pamba mkononi, wakaniambia haihitajiki tena. Yeye na mtoto." Akaizungusha kofia. "Binti mmoja alinifuata koridoni, akaniuliza chupa ifanyweje. Nikamwambia fanyeni mnavyojua, nikaondoka. Sikurudi. Miaka yote hii najua ilimwagwa."

Bibi Karani, ambaye ndiye yule binti, alikuwa anatazama sakafu.

Mama akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake mwembamba, akaushika wa mzee, akauweka juu ya mshipa wake mwenyewe.

"Haikumwagwa," alisema. "Hata tone. Ni hii. Na yule pale, alikuwa na saa chache duniani siku hiyo, asingekuwa na mama. Na wale wawili mlangoni ni wanawe."

Mzee alimtazama Cheche, akawatazama mabinti, mmoja mmoja.

"Asante," alisema.

"Lo!" mama akashtuka, machozi yakimtiririka, na kicheko juu yake. "Hilo neno langu! Nimelitunza miaka thelathini na minne, wewe unakuja kunichukulia!"

Wakacheka wote, hata Bibi Karani. Kisha ikawa kimya, na Cheche akaona midomo ya Bibi inatikisika taratibu, akajua anahesabu. Hakuusumbua ukimya ule. Akangoja mpaka kumi.

Kabla ya kuondoka mzee aliviona viatu vya mama chini ya kiti, mkanda mmoja umeachia. Akavichukua bila kuomba ruhusa, akasema huwezi kutoka hospitali na viatu vya namna hiyo. "Kesho nitavileta palepale. Korido ile niliikimbia. Safari hii nitakaa mpaka niambiwe."

Na alikaa. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa kwenye benchi, amevaa shati jeupe, viatu vya mama vimeng'arishwa mapajani. Cheche alikaa kando yake, mikono mfukoni. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipokaribia ya tano mlango ulifunguliwa, akatoka nesi, akauliza nani ni ndugu wa mgonjwa. Walisimama wote wawili.

"Mama ametoka salama. Moyo unapiga vizuri, damu inatembea."

Mzee alimshika nesi mkono.

"Samahani, binti yangu," alisema. "Hebu rudia."

Nesi akarudia.